Bolti haiingii, inalegea au inakatika: tafuta chanzo kabla ya kununua nyingine

Ukisimama kidogo kwenye kaunta ya duka la bolti kule Gerezani, Dar es Salaam, utasikia oda kama hii: "Kaka, nipe bolti namba 17, urefu kama kidole hiki." Muuzaji anachota kwenye boksi, anapokea hela, mteja anaondoka. Muda si mrefu mteja yuleyule amerudi: bolti haiingii. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Namba 17 ni ya spana, na spana inashika kichwa tu, haina habari na thredi, yaani meno ya kuzunguka, zilizo chini yake. Kichwa cha 17 kinaweza kuwa cha bolti ya M10 iliyotengenezwa kwa kiwango cha zamani cha Ujerumani, DIN, na kinaweza kuwa cha M12 iliyotoka kwenye gari la Japani.

Kutaja bolti kwa namba ya spana ndiko kunakozaa sehemu kubwa ya matatizo yaliyomo humu. Bolti ya milimita hutajwa kwa vitu vinne. Chukua mfano wa M10 x 1.25 x 35, daraja 10.9. M ni alama ya thredi ya milimita ya ISO (shirika la kimataifa la viwango), ambayo meno yake yana pembe ya nyuzi 60. Namba 10 ni unene wa nje kwa milimita. Namba 1.25 ni pichi, yaani umbali kutoka ncha ya jino moja hadi ncha ya jino linalofuata. 35 ni urefu, na 10.9 ni daraja la nguvu. Pichi isipoandikwa, jua ni ile ya kawaida ya unene huo: ukisema M10 na kunyamaza, umeomba M10 x 1.5, na hiyo ndiyo utakayopewa.

Bolti | Pichi ya kawaida | Pichi laini | Spana ya ISO | Spana ya DIN | Spana ya magari ya Japani
M6 | 1.0 | haipatikani kirahisi | 10 | 10 | 10
M8 | 1.25 | 1.0 | 13 | 13 | 12
M10 | 1.5 | 1.25 na 1.0 | 16 | 17 | 14
M12 | 1.75 | 1.5 na 1.25 | 18 | 19 | 17

Viwango vya DIN 931 na 933 vya bolti za pembe sita vilishaachiwa ISO 4014 na 4017, lakini viwanda vingi bado vinatoa vichwa vya 17 na 19 kwa mazoea ya zamani. Kwa hiyo bolti mbili za M12 zinaweza kutoka boksi mbili za duka moja, moja inataka spana 18 na nyingine 19, na zote ni nzima. Tofauti ya kichwa isikutishe. Tofauti ya pichi ndiyo ya kuogopa.

Kupima kabla ya yote

Unahitaji venia (kipimio chenye taya cha kupimia unene) na rula. Venia peke yake haitoshi, na hapa mafundi wengi wazuri hukwama. Bolti ya M10 ya kawaida haisomi 10 kamili. Husoma kati ya 9.73 na 9.97, maana kiwango kinaacha nafasi ndogo ili nati iweze kupita. M8 husoma kati ya 7.76 na 7.97. Bolti ya inchi 5/16 nayo husoma karibu 7.7 hadi 7.9. Kwa unene peke yake hizi mbili huwezi kuzitenganisha hata ukiwa na venia ya bei mbaya.

Pima pichi. Laza rula juu ya thredi, anza kwenye ncha ya jino moja, hesabu nafasi kumi, soma urefu, kisha gawa kwa kumi. M8 ya kawaida itakupa milimita 12.5, na 5/16 ya thredi pana itakupa kama 14.1. M10 ya kawaida itasoma 15, na M10 iliyotoka kwenye injini ya gari la Japani mara nyingi itasoma 12.5. Bolti ya inchi 3/8 itakaribia 15.9, karibu mno na M10 kwa mtu mwenye haraka, ila venia itaiumbua kwa kusoma chini ya 9.5. Bolti ikiwa fupi hata huna nafasi kumi, hesabu tano.

Kama huna rula inayoaminika, chukua bolti unayoijua na ulaze meno yake ndani ya meno ya ile usiyoijua, kisha ziinue mbele ya mwanga. Pichi zikilingana, meno yatalala ndani ya mengine urefu wote bila mwanga kupenya. Zikitofautiana, utaona mwanga unaongezeka kadiri unavyoelekea mwisho. Kwa tundu au nati, tumia bolti unayoijua kama kipimo: izungushe kwa vidole tu, bila spana.

Bolti mpya inaingia mizunguko miwili kisha inakaza

Kwanza ondoa sababu nyepesi: rangi iliyoingia kwenye tundu, cheche za weldi zilizoganda kwenye meno, kutu, jino la kwanza lililogongwa na nyundo. Brashi ya waya na tone la mafuta humaliza haya. Hakikisha pia bolti imeingia wima. Njia nzuri ni kuiweka mdomoni mwa tundu na kuizungusha kinyume kwanza, taratibu, hadi usikie inadondoka kidogo. Hapo jino la kwanza limekaa mahali pake, na sasa unaweza kuizungusha mbele.

Ikiendelea kukaza, basi mara nyingi pichi hazilingani. Kwa magari yetu sababu inayojirudia ni hii: maduka ya vifaa vya ujenzi huweka M10 x 1.5 na M12 x 1.75, kwa sababu ndizo zinazofunga mageti, mabomba na vyuma vya paa. Magari ya Japani yanapenda M10 x 1.25 na M12 x 1.25. Bolti ya kutolea oili kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) ya Toyota nyingi ni M12 x 1.25. Ukiilazimisha bolti ya geti mahali hapo, unaharibu sampu kwa ajili ya bolti ya bei ya soda. Nenda kwenye maduka ya spea, na taja pichi.

Mashine za zamani ni habari nyingine. Trekta, cherehani kubwa, mashine za karakana za Kiingereza na injini za Kimarekani zina thredi za inchi. Joseph Whitworth wa Uingereza alipendekeza thredi yake mwaka 1841, yenye pembe ya nyuzi 55. Ile ya Kimarekani ina nyuzi 60. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina meno 12 kwa kila inchi, ya Kimarekani ya thredi pana ina 13. Usitafute nati ya milimita "inayokaribia". Haipo.

Sababu moja zaidi, ya nguzo, minara na uzio: bolti iliyochovywa kwenye zinki ya moto ina tabaka nene la zinki, kwa hiyo nati yake hukatwa thredi pana zaidi kidogo ili ipite. Nati ya kawaida haitaingia kwenye bolti hiyo. Usipitishe dai (chombo cha kukatia thredi za bolti) kuisafisha, maana utakuwa unakwangua zinki uliyoilipia. Nunua nati ya seti yake.

Nati za gurudumu

Sehemu hii naiandika kwa urefu kwa sababu gurudumu likitoka Barabara ya Mandela au daraja la Kigamboni, anayeumia anaweza kuwa mtu aliyesimama kituoni akisubiri daladala.

Toyota nyingi tunazoendesha hapa, kuanzia IST hadi Noah na Hiace, zina stadi (bolti za gurudumu ambazo nati hufungwa juu yake) za M12 x 1.5. Nissan, Subaru na Suzuki, Kirikuu ikiwemo, zina M12 x 1.25. Land Cruiser kubwa kuanzia toleo la 100 zina M14 x 1.5. Nati ya Toyota na ya Nissan kwa macho ni zilezile, unene ni uleule, na mara nyingi soketi ya 21 inazifungua zote. Kwenye kopo la nati zilizookotwa kwa fundi pancha zinalala pamoja.

Dalili ni hizi. Nati inaingia kwa vidole mizunguko miwili au mitatu, halafu inagoma wakati bado iko mbali na rimu. Mkono wa mtu ungesimama hapo na kujiuliza. Mashine ya upepo haijiulizi. Inasukuma nati mbele huku inakata meno ya stadi, na kwa nje kila kitu kinaonekana kimekaza. Ukiifungua nati hiyo utaona unga wa chuma unaong'aa au nywele nyembamba za chuma ndani yake, na nati huwa ya moto mkononi. Stadi iliyofikia hapo haifai tena, na nati haifai. Badilisha zote mbili, na usikubali kauli ya "itashika tu".

Kanuni ya kumdai fundi pancha yeyote ni ndogo: kila nati ianzishwe kwa vidole hadi iguse rimu, ndipo chombo kingine kifuate. Kama haifiki kwa vidole, isifungwe. Kisha kaza kwa mtindo wa nyota, ukiruka kwenda upande wa pili kila mara, na umalizie kwa spana ya kupimia nguvu. Kwa Toyota nyingi ndogo kipimo ni nyutoni mita 103. Baada ya kilomita 50 hadi 100 angalia tena, hasa kama rimu imebadilishwa au imepakwa rangi.

Angalia pia kikalio cha nati. Nati za mdomo wa koni hukaa kwenye tundu la koni. Honda hutumia mdomo wa duara kama mpira. Baadhi ya rimu za aluminiamu za Toyota hutaka nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Pichi ikiwa sahihi na kikalio kikawa kibaya, nati inashika kwa ukingo mwembamba tu, na gurudumu litaanza kugonga ukiwa barabarani.

Imeingia, lakini inachezacheza

Hii ni hatari kuliko ile inayogoma kuingia. Bolti ya M12 inaweza kuingia ndani ya nati ya nusu inchi, kwa sababu nusu inchi ni milimita 12.7. Meno yanagusana kwa ncha tu. Inakaza kidogo, inakupa matumaini, kisha siku ya mzigo meno yote yanakatika kwa mpigo. Nati ikiwa inayumba pembeni wakati haijakazwa, kiasi unachokiona kwa jicho, pima zote mbili upya. Kulegea kidogo sana ni kawaida, kuyumba si kawaida.

Kwenye mabomba na umeme kuna mkanganyiko wa aina hiyohiyo. "Bomba la nusu inchi" lina thredi ya nje yenye unene wa karibu milimita 20.95, kwa sababu nusu inchi ilikuwa jina la tundu la ndani. Kiunganishi cha nyaya cha M20 x 1.5 kitajaribu kuingia kwenye soketi yake na kitaonekana kama kimekubali. Hakijakubali, na maji ya mvua yataingia.

Umekaza hadi mwisho, lakini kitu bado kinacheza

Hapa thredi ni nzima na bolti ni sahihi, ila urefu umekosewa. Kama tundu halikutoboka upande wa pili, bolti ndefu inagonga chini kabla kichwa hakijagusa kitu kinachofungwa. Spana inasema imekaza, ila hakuna kilichobanwa. Ongeza nguvu na utapasua kipande cha aluminiamu chenye tundu au utaikata bolti. Oili, maji au uchafu chini ya tundu hufanya vivyo hivyo. Pima kina cha tundu kwa mkia wa venia.

Sababu ya pili ni shingo. Bolti za ISO 4014 zina sehemu isiyo na thredi karibu na kichwa. Za ISO 4017 zina thredi urefu wote. Ukiweka yenye shingo mahali palipotaka thredi yote, nati inafika mwisho wa thredi na kusimama. Washa nene itakuokoa kwa leo, bolti sahihi itakuokoa kwa muda mrefu. Lakini pale ambapo mzigo unakata bolti kwa upande, kama kwenye hichi ya trela au pini ya mkono wa springi, shingo inatakiwa, tena ikae pale vyuma viwili vinapokutana. Thredi ikikaa hapo, umeweka bolti nyembamba kuliko ulivyodhani.

Urefu wa bolti yenye kichwa cha kawaida hupimwa kuanzia chini ya kichwa. Ile ya kichwa cha kuzama hupimwa yote, pamoja na kichwa.

Inalegea yenyewe

Watu hukimbilia springi washa. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwa majaribio kwamba kinachofungua bolti ni mtikisiko wa kwenda upande kwa upande, pale vitu vilivyofungwa vinapoteleza kimoja juu ya kingine. Kwenye kipimo cha namna hiyo springi washa ya kawaida haisaidii kitu cha maana. Kinga ya kweli ni mbano: bolti ikikazwa ipasavyo inavutika kidogo kama springi, na mvuto huo ndio unaovishikilia vitu visiteleze.

Kwa hiyo bolti ikilegea, uliza kwanza kama ilikazwa vya kutosha. Sehemu kubwa ya nguvu ya mkono wako, karibu asilimia 90, inaishia kwenye msuguano wa kichwa na wa thredi. Kama asilimia 10 tu ndiyo inayovuta bolti. Thredi zenye kutu hula zaidi, na ndiyo sababu bolti chafu hukupa hisia ya kukaza wakati haijabana. Kwa bolti ya 8.8 yenye thredi safi, vipimo vya kuanzia ni takribani nyutoni mita 10 kwa M6, 25 kwa M8, 50 kwa M10 na 85 kwa M12. Kitabu cha mashine kikisema tofauti, fuata kitabu. Ukipaka grisi, punguza, kwa kuwa nguvu ileile sasa inavuta bolti zaidi.

Sababu ya pili ni tabaka laini. Rangi nene, gasketi, mbao au plastiki chini ya kichwa huendelea kujikandamiza siku kadhaa na mbano unapotea. Kwangua rangi pale kichwa kinapokaa, weka washa bapa ngumu, rudia kukaza baada ya siku chache. Mageti yanayopakwa rangi kabla ya kufungwa bawaba hulegea kwa sababu hii tu.

Nati ya nailoni inasaidia kweli kuzuia nati isidondoke, lakini isiwekwe karibu na ekzosi, kwani nailoni yake inavumilia hadi joto la kama nyuzi 120 tu, na ikishafunguliwa mara kadhaa inapoteza mshiko. Ukitumia nati mbili, ile nyembamba ndiyo hutangulia, nene inakaa juu. Wengi hufanya kinyume.

Imekatika

Usiitupe. Sehemu iliyokatika inaeleza kilichotokea.

Ikiwa imevutika na kuwa nyembamba kabla ya kukatika, au imejisokota, ilizidiwa wakati wa kukazwa, au daraja lake lilikuwa dogo. Soma kichwa. Kwenye bolti ya milimita namba ya kwanza mara 100 ni nguvu ya kukatika kwa megapaskali (nyutoni kwa kila milimita ya mraba), na namba mbili zikizidishwa, kisha mara 10, zinatoa kiwango ambacho bolti inavutika na hairudi tena. 8.8 inakatika kwa 800 na inaanza kuharibika kwa 640. 4.6 inakatika kwa 400 na inaharibika kwa 240. Kwa M10, ambayo eneo lake la kubeba ni milimita za mraba 58, tofauti hiyo ni kati ya karibu tani 3.8 na tani 1.4 kabla ya kuharibika. Bolti ni zilezile kwa sura, boksi zimekaa jirani, bei zinatofautiana kidogo. Kwa sababu hiyo bolti isiyo na alama yoyote kichwani ihesabu kuwa dhaifu, na isikaribie breki, usukani wala springi.

Kiwango cha ISO 898-1 kinataka bolti ya pembe sita ya kuanzia M5 iwe na namba ya daraja na alama ya kiwanda kichwani. Ukikuta 8.8 peke yake bila alama ya mtengenezaji, kuwa na shaka nayo. Karakana inayofanya kazi za kubeba watu au mizigo haina sababu ya kubahatisha: Shirika la Viwango Tanzania (TBS) liko hapohapo Ubungo, na nakala za viwango zinanunuliwa. Toyota hupiga namba moja tu kama 4 au 7. Hiyo 7 ni kilo 70 kwa milimita ya mraba, karibu megapaskali 690. Bolti za inchi za Kimarekani hutumia mistari: mitatu inakaribiana na 8.8, sita inakaribiana na 10.9. Nati nayo ina daraja. Bolti ya 8.8 inataka nati ya 8, na ya 10.9 inataka nati ya 10.

Ikiwa uso uliokatika ni bapa, una sehemu laini yenye mistari ya mawimbi na sehemu ndogo ya mwisho iliyokwaruzika, bolti ilichoka pole pole. Hapa watu hununua bolti nene zaidi au ngumu zaidi, na inakatika tena. Mara nyingi chanzo ni kulegea: bolti isiyobanwa inabeba kila mtikisiko yenyewe, wakati iliyobanwa inaviachia vyuma viubebe. Kagua mbano, kagua kama vikalio ni bapa, ndipo ufikirie daraja.

Ikiwa imekatika ghafla, bila kuvutika, saa kadhaa au siku moja mbili baada ya kukazwa vizuri na bila mzigo wowote wa ajabu, angalia kama ni 12.9 iliyong'arishwa kwa zinki ya umeme. Chuma kigumu kiasi hicho kinaweza kunyonya haidrojeni wakati wa kuoshwa kwa asidi na kupakwa zinki, kisha kikawa rahisi kuvunjika. Bolti za alenki (zenye tundu la pembe sita kichwani) za 12.9 nyeusi, zenye mafuta, hazijapita kwenye bafu hilo. Zitumie hizo, na zilinde kwa grisi.

Na ile tabia ya kuchomelea kichwa cha bolti ya 8.8 au 10.9 "isifunguke" iachwe. Nguvu ya bolti hizo imetokana na kuchomwa, kupozwa ghafla, kisha kupashwa tena kwa kipimo. Weldi inafuta kazi hiyo yote palepale ilipogusa. Kuchomelea nati juu ya kipande kilichobaki ndani ya tundu ili kukitoa ni jambo jingine na ni njia nzuri, maana kipande hicho kinatupwa, na joto lake linasaidia kuvunja kutu.

Thredi za aluminiamu zimelika

Bodaboda na bajaji zinaishi na tatizo hili. Kifuniko cha injini kimefungwa kwa bolti nyingi za M6 zenye kichwa cha spana 10, na kipimo chake kwenye aluminiamu ni mara nyingi chini ya nyutoni mita 10. Mtu anashika spana ndefu, anasikia bolti inakaza, anaongeza robo mzunguko, inakuwa laini ghafla. Hapo aluminiamu imeng'oka na imebaki ndani ya meno ya bolti kama uzi wa kijivu. Ukiuona uzi huo, acha.

Chuma kinachoingia kwenye chuma kinatosheka na urefu wa thredi unaokaribia unene wa bolti. Aluminiamu inataka mara moja na nusu hadi mara mbili. Kwa M6 ni milimita 9 hadi 12 ndani ya tundu. Hesabu hili kabla hujalaumu mkono: mtu aliyeweka bolti fupi badala ya iliyopotea ndiye aliyeua tundu, hata kama aliyekaza alikuwa na adabu.

Kupanua hadi M8 kunaonekana rahisi, lakini ukuta wa aluminiamu pembeni ya tundu huwa mwembamba na unapasuka. Njia bora ni springi ya thredi, ile koili ya stenlesi inayoingizwa kwenye tundu lililopigwa tapu (chombo cha kukatia thredi ndani ya tundu) yake maalumu. Inarudisha M6 ileile, tena yenye nguvu kuliko ya mwanzo. Ukiwa Vingunguti au Chang'ombe utapata karakana yenye seti hiyo. Tundu la plagi nalo hutengenezwa hivyohivyo: magari mengi ni M14 x 1.25, pikipiki nyingi ni M10 x 1.0 au M12 x 1.25. Plagi ianzishe kwa mkono daima, injini ikiwa imepoa.

Unapopiga tapu mpya, kipimo cha kutoboa ni unene ukitoa pichi: milimita 5 kwa M6, 6.8 kwa M8, 8.5 kwa M10, 10.2 kwa M12. Tapu ikipiga kelele, rudi nyuma nusu mzunguko kukata chuma, na uwe na mafuta.

Imeganda

Kutoka Msasani hadi Kunduchi na ng'ambo ya Kigamboni, upepo una chumvi. Zinki ya umeme, ile inayong'aa, ni tabaka la mikroni chache tu na haidumu nje kwa hali hiyo. Zinki ya moto inastahimili zaidi. Stenlesi yenye alama A2 itaanza kupata madoa ya kahawia karibu na bahari; A4, ambayo imeongezwa molibdenamu, ndiyo ya boti, matangi na madirisha yanayotazama bahari. A2-70 maana yake ni megapaskali 700, hivyo usiichukue badala ya 10.9 kwa sababu tu haishiki kutu.

Stenlesi ina ugonjwa wake. Nati ya stenlesi ikikazwa kwa kasi kwenye bolti ya stenlesi, meno yanakwaruzana, yanapata joto na kushikana kabisa, mara nyingi ikiwa mpya kabisa na safi. Hakuna kutu wala mchanga, imejiganda tu. Paka grisi ya kuzuia kuganda, kaza kwa mkono polepole, weka mashine pembeni. Ikishaganda, ikate. Na pale stenlesi inaposhika aluminiamu kwenye hewa ya chumvi, tenganisha kwa washa ya nailoni, la sivyo aluminiamu italiwa kuzunguka tundu.

Kwa bolti ya chuma iliyoganda: mafuta ya kulegeza kutu, muda wa kutosha, kugonga kichwa wima kwa nyundo, kisha jaribu kukaza kidogo kabla ya kufungua. Tumia soketi ya pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili inakula kona.

Bisibisi inateleza kwenye skrubu ya nyota

Skrubu nyingi za pikipiki na mashine za Kijapani si za nyota ya kawaida ya Kimarekani. Zimekatwa kwa kiwango cha Japani, JIS, na mara nyingi utaona nukta ndogo moja kwenye kichwa. Bisibisi ya kawaida haifiki chini ya tundu la nyota hiyo. Inakaa juu juu na kupanda nje unapozungusha, na kwa mizunguko mitatu kichwa kimekuwa shimo la duara. Tafuta bisibisi ya JIS. Ikikosekana, saga kidogo ncha ya bisibisi namba 2 ya kawaida, milimita moja hivi au chini, hadi ikae kwa kina. Igonge kichwani mara moja kwa nyundo kabla ya kuzungusha. Ikiwa skrubu ni ya kifuniko cha kabureta au silinda ya breki, tumia ile bisibisi ya kugongwa ambayo kila pigo la nyundo inajizungusha yenyewe, na ukishaitoa badilisha na bolti ya alenki ya unene, pichi na urefu uleule.